Seli elfu kumi za mtu mmoja si watu elfu kumi: uzi wa wanaoanza kuchambua data za seli mojamoja

#1 BintiKilosa

Wakuu, habari za jioni.

Ujumbe wa faragha umekuwa mwingi, na karibu wote unauliza jambo moja. Mtu amekabidhiwa na msimamizi wake data za seli mojamoja, yaani vipimo vya jeni zinazofanya kazi ndani ya kila seli peke yake, amefuata mafunzo ya mtandaoni mpaka mwisho, picha ya vidoti vya rangi imetoka, na sasa hajui kama alichokipata ni kweli. Nimeona nifungue uzi tujibizane hadharani, maana jibu la mmoja litawafaa kumi. Nitaandika kwa vipande kadiri nitakavyopata nafasi.

Nianze na kitu chenyewe. Kwa njia ya zamani, ambayo bado inafaa kwa kazi nyingi, ukitaka kujua jeni gani zinafanya kazi kwenye damu unavunja seli zote pamoja, unatoa RNA, yaani nakala za jeni zinazotumika, unapima wastani. Bibi wa miaka 70 amempakata mjukuu wa miaka 2 kwenye siti ya daladala: wastani wa umri wa siti ile ni miaka 36, na hakuna mtu wa miaka 36 aliyeketi pale. Damu ina wakazi wengi wa namna hiyo, aina mbalimbali za seli nyeupe: seli T, seli B, monosaiti, seli za NK, kila moja na jeni zake. Wastani unawafuta wote.

Mwaka 2009 watafiti wa Cambridge walifanikiwa kusoma RNA ya seli moja tu ya kiinitete cha panya kwa mashine za kisasa za kusoma mfuatano. Mwaka 2015 maabara mbili za Harvard zikatoa, kwa wakati mmoja, njia ya matone iliyofungua mlango kwa maelfu ya seli. Kila seli inafungiwa ndani ya tone la maji linaloelea kwenye mafuta, pamoja na ushanga mmoja. Ushanga umevikwa vipande vifupi vya DNA, na kila kipande kina sehemu tatu: msimbo wa ushanga, ambao vipande vyote vya ushanga huo vinao, lebo ya kipande chenyewe, tunayoiita UMI, na mkia wa herufi T unaonasa mkia wa herufi A wa mRNA, ile RNA inayobeba ujumbe wa jeni. Seli inapasuka ndani ya tone, mRNA zake zinanaswa, na kuanzia hapo kila molekuli inatembea na kitambulisho cha seli ilikotoka. UMI kazi yake ni kuzuia kuhesabu kitu kimoja mara nyingi, kwa sababu kabla ya kusomwa nakala huzidishwa, na molekuli moja inaweza kurudi kwako ikiwa mamia.

Mwisho wa safari hiyo unapata jedwali. Mistari ni jeni, safu wima ni seli, ndani ni idadi ya molekuli.

Sasa naomba kila anayeanza afanye kitu hiki kabla ya kuwasha programu za uchambuzi, Seurat au Scanpy. Pakua data ya mafunzo ambayo wote tumeipitia, ile ya seli nyeupe za damu za mtu mmoja mwenye afya iliyotolewa bure na 10x Genomics, kampuni inayotengeneza mashine za matone. Fungua faili la matrix.mtx kwa kihariri cha maandishi cha kawaida. Chini ya mistari ya maelezo utakuta namba tatu:

32738 2700 2286884

Jeni 32,738. Seli 2,700. Visanduku vyenye kitu, 2,286,884. Zidisha mbili za kwanza, unapata visanduku 88,392,600. Kwa hiyo visivyo sifuri ni asilimia 2.6 tu. Zaidi ya visanduku 97 katika kila 100 ni sifuri.

Kaa na namba hiyo kidogo. Sifuri moja inaweza kuwa na maana kwamba jeni imezimwa kabisa. Nyingine ina maana kwamba jeni ilikuwa inafanya kazi, molekuli zilikuwepo chache, na ushanga haukuzinasa. Mfano ulio wazi ni CD4. Hawa ni seli T wanaoitwa kwa jina la jeni hiyo, na bado kwenye data hii seli T nyingi za CD4 zinasoma sifuri kwenye mstari wa CD4, kwa sababu mRNA yake ni chache. Anayewatafuta kwa jeni moja hiyo atasema hawapo, ilhali ndio kundi kubwa kuliko yote. Ndiyo maana tunatazama jeni nyingi kwa pamoja na seli nyingi kwa pamoja.

Kesho nitakuja na usafi wa data.

#2 Kijana_wa_Mbagala

Nimeketi mbele kabisa dada. Swali la haraka: laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Niendelee au nisubiri nipate seva?

#3 BintiKilosa

Endelea, mdogo wangu. Zile sifuri ndizo zinazokuokoa. Programu hazihifadhi sifuri, zinahifadhi tu visanduku vyenye kitu na anwani zake. Data hiyo ya seli 2,700 ikihifadhiwa nzimanzima inachukua karibu MB 710 za kumbukumbu. Ikihifadhiwa kwa njia hiyo inachukua MB 30. Ukibaki na seli elfu kumi, ishirini, GB 8 zinatosha ukiwa mwangalifu: futa vitu usivyovihitaji, na usigeuze jedwali zima kuwa la kawaida lenye sifuri zote hata mara moja, maana hapo ndipo laptopu inapoganda.

Kinachohitaji mashine kubwa ni hatua ya kabla, kutoka mafaili ghafi ya mashine mpaka jedwali. Cell Ranger, programu ya 10x ya hatua hiyo, inataka GB 64. Kwa wasio na hizo kuna kallisto na bustools, ambazo zinakubali kompyuta ya kawaida. Hata hivyo data nyingi zilizochapishwa zinawekwa mtandaoni zikiwa tayari ni majedwali. Anza na hizo.

#4 FundiMaabara

Nachangia kidogo upande wa kabla ya kompyuta, kwa sababu mimi ndiye ninayeshika mirija.

Wengi wanapoona "damu" wanadhani ni damu yote. Seli hizi za mafunzo ni zile zinazobaki baada ya kuzungusha damu juu ya kimiminika cha Ficoll. Nyutrofili, ambazo kwa kawaida ndizo nyingi kuliko seli nyeupe nyingine zote, zinazama chini pamoja na seli nyekundu na kutupwa. Kama ugonjwa unaouchunguza unachezwa na nyutrofili, utachambua mwaka mzima usimwone mhusika mkuu.

La pili, muda. Damu iliyokaa saa sita kwenye kisanduku cha gari siyo ileile iliyofika baada ya dakika arobaini. Na kwa tishu ngumu kama ini au ngozi, vimeng'enya vinavyotumika kutenganisha seli kwenye joto la nyuzi 37 vinaziamsha jeni za mshtuko, hasa FOS na JUN. Ukiona kundi zima linawaka FOS na JUN, muulize aliyeshika mirija kabla hujaandika kwamba ni hali mpya ya ugonjwa. Tunaandika saa kwenye daftari. Tatizo hakuna anayeliomba daftari.

#5 BintiKilosa

Kaka FundiMaabara, ahsante sana. Daftari la saa liombeni, jamani. Mimi siku hizi silipokei jedwali bila daftari.

Sasa usafi. Lugha yetu ina neno zuri, kuchambua, na mama zetu walilijua kabla yetu: unamwaga mchele kwenye ungo, unautandaza, unatoa mawe, pumba na punje zilizooza, na jicho lako liko kwenye mchele wenyewe muda wote. Data hizi zinataka mkono wa namna hiyo. Kuna vitu vitatu vya kutoa.

Cha kwanza ni seli zilizokufa au kupasuka kabla ya kuingia kwenye tone. Seli ikipasuka, RNA iliyo kwenye majimaji yake inavuja, lakini ya ndani ya mitokondria inabaki. Kwa hiyo unaona asilimia kubwa ya molekuli zimetoka kwenye jeni za mitokondria. Mafunzo ya Seurat yanakata kwenye asilimia 5, na yanaondoa pia seli zenye jeni chini ya 200 au zaidi ya 2,500. Kwa data ile zinatoka seli 62 na kubaki 2,638.

Cha pili ni matone yasiyo na seli. Yapo mengi mno kuliko yenye seli, na hayako matupu kabisa, kwa sababu RNA ya seli zilizopasuka inaelea kwenye mchanganyiko wote na kuingia kila tone. Sisi huiita mchuzi. Ukiona HBB, jeni ya himoglobini, imetapakaa kidogokidogo kwenye seli T, seli B na kila mahali, huo ni mchuzi wa seli nyekundu zilizopasuka. SoupX na CellBender zinasaidia kuukadiria na kuuondoa.

Cha tatu, seli mbili kwenye tone moja. Hiki nakipa nafasi yake, maana kimeshawaaibisha watu.

#6 Mwl_Takwimu

Dada, kabla hujaenda mbele. Hiyo asilimia 5 imeandikwa wapi kwamba ni sheria? Nimesahihisha tasnifu mbili mwaka huu, zote zimekata kwenye 5, moja ni ya damu na nyingine ni ya moyo. Nilipouliza sababu nikajibiwa "ndivyo mafunzo yanavyosema".

#7 BintiKilosa

Mwalimu, shikamoo. Umegusa penyewe. Siyo sheria. Ni namba iliyofaa kwa data moja ya damu ya mtu mmoja. Misuli ya moyo inafanya kazi usiku na mchana na imejaa mitokondria. Ukikata kwenye 5 unatupa moyo wenyewe na kubaki na seli za pembeni. Figo vilevile. Chora mgawanyo wa seli zako, sampuli kwa sampuli, utazame mahali ambapo mkia unajitenga na kundi kubwa, ndipo uchague. Na uandike kwenye ripoti umechagua nini na kwa nini.

#8 Neema_Bios

Samahani kwa kuingilia, nina tatizo ambalo naona linaendana. Nina sampuli ambayo tulilenga seli elfu kumi. Kuna kundi dogo, seli 90 hivi, lina CD3E na MS4A1 kwa pamoja. CD3E ni ya seli T, MS4A1 ni ya seli B. Msimamizi wangu amefurahi, anasema huenda ni aina mpya ya seli na tuandike makala. Mimi moyo unasita.

#9 BintiKilosa

Neema, moyo wako uko sawa kusita. Fanya mambo haya leo.

Tazama idadi ya molekuli kwa kila seli ya kundi hilo. Kama seli T zako zina kama 4,000 na seli B 4,500, na hawa 90 wanakaribia 8,500, jibu limeshaanza kujionyesha. Tone limebeba seli T na seli B pamoja, mashine ikawapa msimbo mmoja. Kwa matoleo ya 10x ya kabla ya GEM-X, kiwango cha matone yenye seli mbili kinapanda kwa takriban asilimia 0.8 kwa kila seli elfu unazopata. Umelenga elfu kumi, kwa hiyo tarajia karibu asilimia 8, seli kama mia nane! Hao 90 ni wale tu walioonekana. Seli T iliyobanana na seli T mwenzake huwezi kuiona kwa jicho.

Halafu endesha Scrublet au DoubletFinder. Wazo lao ni rahisi: zinajumlisha seli mbilimbili za data yako mwenyewe kutengeneza mapacha wa bandia, kisha zinauliza ni seli gani halisi zinafanana na mapacha hao. Endesha kwa kila sampuli peke yake, kabla hujaziunganisha, kwa sababu seli za mirija miwili tofauti haziwezi kuingia tone moja.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: je, kundi hilo lina jeni yake lenyewe, ambayo wala seli T wala seli B hawana? Pacha wa tone hana kitu chake, ana cha baba na cha mama tu. Mwaka 2018 vikundi viwili vya watafiti, kila kimoja kivyake, vilikuta kwenye njia ya hewa aina ya seli adimu, karibu 1 katika 100, waliyoiita ayonosaiti. Seli hizo ndizo zinazotumia kwa wingi jeni ya CFTR, ile inayoharibika kwenye ugonjwa wa sistiki faibrosisi. Zilikuwa chache kama hao wako, lakini zilikuwa na jeni yao, FOXI1, na wakaziona pia kwa macho kwenye hadubini. Kwa hiyo uchache peke yake hautoshi kuwatupa hao 90, na furaha peke yake haitoshi kuwaandikia makala.

#10 Neema_Bios

Nimeangalia. Wastani wa molekuli ni karibu mara mbili kabisa. Jeni yao wenyewe sijaona hata moja. Nitamwambia kesho asubuhi.

#11 FundiMaabara

Mwambie kwa kumwonyesha mchoro wa idadi ya molekuli, usimwambie kwa maneno. Watu wazima wanakubali mchoro.

#12 BintiKilosa

Kipande cha pili, nakipitia haraka kwa sababu mafunzo yako mengi.

Baada ya usafi unasawazisha, maana seli moja inaweza kuwa imenaswa molekuli 1,500 na jirani yake 6,000 kwa bahati tu. Unachagua jeni zinazobadilikabadilika, kwa kawaida 2,000. Unafanya PCA, njia ya kufupisha jeni hizo kuwa vipimo vichache, unabaki na vipimo kumi mpaka hamsini. Unaunganisha kila seli na majirani wanaofanana nayo, unapata mtandao, halafu unaugawa mtandao katika makundi kwa njia ya Louvain au Leiden. Leiden ni mji wa Uholanzi, walioiandika njia hiyo mwaka 2019 wanatoka chuo kikuu cha hapo. Mwisho unachora UMAP, ile picha ya vidoti vya rangi.

Ninachotaka mkishike ni kwamba idadi ya makundi umeiamua wewe. Kuna kipimo cha ukali wa mgawanyo (resolution), ukikiweka 0.5 kwenye data ya mafunzo unapata makundi 9, ukikipandisha yanakuwa mengi zaidi. Kompyuta haikukatalii, itakukatia seli T vipande kadiri utakavyo. Ukigawa kundi, lazima uweze kutaja jeni zinazotenganisha vipande viwili na uzitetee mbele ya mtu anayejua seli hizo.

#13 Mwl_Takwimu

Na ile picha ya UMAP ningeomba ipigwe marufuku kabisa kwenye tasnifu. Mwanafunzi ananionyesha visiwa viwili vilivyo mbali, anasema "seli hizi zinatofautiana sana", vingine viko karibu anasema "hizi ni ndugu". Umbali ule hauna maana hiyo. Chari na Pachter waliandika mwaka 2023 wakionyesha jinsi kukandamiza vipimo vingi kuwa viwili kunavyopotosha umbali, na watu wanaendelea kana kwamba hakikuandikwa kitu.

#14 BintiKilosa

Mwalimu, kwenye marufuku tutaachana kidogo. Mimi picha ile naitumia kama mtu anavyokuchorea njia kwa kijiti mchangani: inakwambia kuna mto na kuna shule, haikwambii kilomita. Inanisaidia kugundua sampuli moja imekaa peke yake pembeni, jambo ambalo ningechelewa kuliona kwenye jedwali. Lakini hitimisho lolote la "karibu" na "mbali" lipimwe kwenye vipimo vya PCA au kwenye jeni zenyewe. Hapo tuko pamoja.

#15 DaktariWaKata

Nimefuatilia kwa makini. Mimi ni daktari, si mtu wa kompyuta. Swali langu ndilo la wagonjwa: nina wagonjwa na nina wazima, nataka kujua jeni gani zimebadilika kwenye monosaiti zao. Mafunzo yanasema chagua kundi, bonyeza, orodha inatoka. Ni hivyo tu?

#16 BintiKilosa

Daktari, swali hili ndilo lililonifanya nifungue uzi, kwa hiyo niruhusu niseme kwa urefu.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye mradi ambao sitautaja. Damu ilishachukuliwa, fedha zilishatumika. Wagonjwa wanne, wazima wanne, seli zaidi ya elfu arobaini. Nikafuata mafunzo: monosaiti zote za wagonjwa upande huu, za wazima upande ule, nikaendesha kipimo cha takwimu cha Wilcoxon. Zikatoka jeni zaidi ya elfu mbili, thamani za p, yaani uwezekano wa kuona tofauti kama hiyo kwa bahati tu, zina sifuri ishirini baada ya nukta. Tulifurahi siku tatu nzima. Kuna mtu alishaanza kuandika muhtasari wa mkutano.

Siku ya nne nikafanya jaribio ambalo naomba kila mmoja wenu alifanye. Niliwaacha wagonjwa kabisa, nikawachukua wale wazima wanne na kuwagawa wawili kwa wawili. Hakuna ugonjwa upande wowote, orodha inatakiwa iwe tupu au ikaribie kuwa tupu. Zikatoka mamia ya jeni! Na juu kabisa ya orodha zilikaa mbili ambazo kila mchambuzi anazijua: XIST na RPS4Y1. XIST inafanya kazi kwa wanawake, RPS4Y1 iko kwenye kromosomu Y. Upande mmoja nilikuwa nimeweka wanawake wawili, upande wa pili wanaume wawili. Kipimo hakikukosea, kiliona tofauti ya kweli kati ya watu. Nilichokikosea ni kukiambia kwamba nina washiriki elfu kadhaa, wakati nina wanne.

Seli elfu tano za mama mmoja zote zimeishi mwili mmoja. Zimekula chakula kimoja, zimepata homa moja, zimekaa kwenye mrija mmoja. Ukizihesabu kama mashahidi elfu tano, umemhoji shahidi mmoja mara elfu tano. Mwaka 2021 Squair na wenzake walichapisha uchambuzi wa jambo hili, wakaonyesha kwamba njia zinazotumika zaidi zinaweza kutoa mamia ya jeni hata pasipo na tofauti yoyote ya kibaiolojia. Niliposoma makala ile nilijiona mle.

Dawa yake ni nyepesi mno. Kwa kila mtu, jumlisha molekuli za monosaiti zake zote ziwe safu moja. Watu wanane, safu nane. Halafu tumia edgeR au DESeq2, programu zilezile za enzi ya wastani, ambazo zinapima tofauti kati ya watu kwa watu, na ukiweza weka jinsia kwenye modeli. Nilipofanya hivyo, jeni elfu mbili zikawa 19.

Lakini hata hizo 19 hatukuzichapisha kama matokeo. Nilipoomba daftari la maabara, nikakuta wagonjwa wote wanne waliendeshwa wiki moja, wazima wote wiki nyingine, kwa kifurushi cha vitendanishi cha bechi tofauti. Ugonjwa na bechi vilikuwa kitu kimoja. Harmony, scVI, programu yoyote ya kuondoa tofauti za bechi utakayoitaja, hakuna programu inayoweza kutenganisha vitu viwili ambavyo havijawahi kuonekana vikiwa mbalimbali. Kama wangenipigia simu kabla ya kuchoma sindano ya kwanza, ningewaambia jambo moja tu: kila siku ya maabara, changanyeni wagonjwa na wazima. Lisingegharimu hata shilingi. Watu wanane walitoa damu yao, wawili wao walitembea umbali mrefu kuja kutoa, na jambo hilo bado linaniuma.

#17 DaktariWaKata

Umenigusa, dada. Lakini tuzungumze ukweli wa fedha. Kifurushi kimoja cha vitendanishi ni ghali, na kinachelewa kufika. Nikiambiwa niongeze watu, mradi hauanzi.

#18 BintiKilosa

Daktari, ongeza watu bila kuongeza vifurushi. Mwaka 2018 Kang na wenzake walichanganya seli za wagonjwa wanane wa lupasi kwenye mrija mmoja, wakaziendesha kwa pamoja, kisha wakazitenganisha kwenye kompyuta. Namna gani? Kila mtu ana herufi zake za DNA zinazotofautiana na za mwenzake, na herufi hizo zinasomeka ndani ya mRNA. Programu yao, demuxlet, inatazama herufi za kila seli na kusema hii ni ya mtu wa tatu, hii ya mtu wa saba. Inataka uwe umepima vinasaba vya washiriki kabla. Iliyokuja baadaye, souporcell, haidai hata hilo. Inayapanga makundi ya watu yenyewe, wewe ukibaki na kazi ya kujua kundi lipi ni nani.

Ona faida zinavyofuatana. Watu wanane wamo kwenye mrija mmoja, siku moja, bechi moja, kwa hiyo lile balaa langu la wiki mbili halipo. Pacha wa tone wenye herufi za watu wawili wanajulikana papo hapo. Na gharama ya kifurushi inagawanywa kwa wanane. Kila mtu atabaki na seli elfu moja na kitu badala ya elfu kumi, na kwa swali lako la monosaiti zinatosha. Wachanganye wagonjwa wanne na wazima wanne, usije ukawaweka wagonjwa peke yao.

#19 FundiMaabara

Naongeza: hesabu uhai wa seli za kila mtu kabla ya kuchanganya, na mimina idadi sawa. Mtu mmoja mwenye seli nyingi anaweza kumeza mrija wote.

#20 Achieng_Kisumu

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania, nimefuata uzi huu kutoka huku Kisumu. Mimi nafanya malaria. Je, haya yote yanafaa kwa kimelea chenyewe, au ni kwa seli za binadamu tu?

#21 BintiKilosa

Karibu sana, Achieng. Yanafaa, na sehemu yake imegusa kwenu Kenya. Atlasi ya Seli za Malaria, iliyochapishwa mwaka 2019 na kikundi cha Sanger cha Uingereza pamoja na wenzao, ilisoma vimelea kimojakimoja katika mzunguko mzima wa maisha, ndani ya mbu na ndani ya damu, hasa kwa Plasmodium berghei wa panya. Humo mna pia vimelea vilivyotoka kwa watu walioambukizwa kiasili nchini Kenya, vikalinganishwa na ramani ya vile vya maabara. Data zote ziko wazi, pakua.

Kwa nini kimojakimoja? Kwa sababu ndani ya damu vimelea vingi vinaendelea kuzaliana, na wachache katika kila mzunguko wanageuka kuwa gametosaiti, wale ambao mbu anawabeba kwenda kwa mtu mwingine. Jeni ya AP2-G ndiyo inayowasha mageuzi hayo. Ukipima wastani, wachache hao wanazama kwenye kelele za wengi.

Jihadhari na mambo mawili. DNA ya Plasmodium falciparum, kimelea kikuu cha malaria ya binadamu, karibu asilimia 80 ni herufi A na T, kwa hiyo ule mkia wa T kwenye ushanga unaweza kunasa katikati ya molekuli badala ya mwisho wake. Ramani ya jeni unayotumia iwe imesahihishwa upande wa mwisho. Pia kimelea kimeanzia na RNA chache sana, hasa kikiwa kichanga umbo la pete. Ukitumia mipaka ya usafi ya seli za damu ya binadamu, utawatupa wachanga wote na kudhani mgonjwa ana wakubwa tu. Na malaria ya kwetu mara nyingi mtu mmoja amebeba koo kadhaa za kimelea kwa wakati mmoja. Ile souporcell inaweza kutenganisha na hizo.

#22 Achieng_Kisumu

Asante sana dada. Hilo la pete limenipata. Nimekuwa nikikata kwenye jeni 200, na pete zangu zimekuwa chache nikadhani ni sampuli. Narudi kwenye jedwali ghafi.

#23 Kijana_wa_Mbagala

Wakuu, nimerudi. Nimemaliza data ya mafunzo kwenye laptopu yangu ya GB 8, haikuganda. Nimebaki na seli 2,638, makundi 9. Nimeyatambua manane: CD14 na LYZ monosaiti, MS4A1 seli B, GNLY na NKG7 seli za NK, na mengine. La tisa lina seli 14 tu. Nilitaka kuliunganisha na monosaiti liishe.

#24 BintiKilosa

Usiliunganishe. Andika PPBP, tazama linawaka wapi.

#25 Kijana_wa_Mbagala

Linawaka kwenye hizo 14, kwingine karibu hamna kitu. Ni nini hizi?

#26 BintiKilosa

Hizo ni chembe sahani, zinazogandisha damu. Hazina hata kiini. RNA iliyomo ndani yake wameachiwa na seli mama za kwenye uboho. Kumi na nne katika elfu mbili mia sita na kitu, na wewe umezikuta ukiwa Mbagala.